Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji na Bodi: picha za jukwaani na kurasa za mitindo zina wenyewe

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Kampuni inayoandaa matamasha ya muziki na kuchapisha jarida la mitindo,
Dar es Salaam.

YAH: MIKATABA, MAJINA NA MALIPO YA WAPIGA PICHA NA WASANIFU KURASA

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa kuwa njia za ndani nimezimaliza. Nimetuma barua pepe kwa idara yenu ya matukio na kwa mhariri wa jarida, nimekaa na meneja wenu wa fedha, nimeambiwa nisubiri bodi ikae, kisha nikaambiwa bodi imeshakaa na jambo langu halikuwamo kwenye ajenda. Jina la kampuni yenu sitalitaja hapa. Mnajijua, na wengi wa wenzangu watakaoisoma barua hii watadhani ninaizungumzia kampuni nyingine waliyoifanyia kazi wao, jambo ambalo peke yake linaonyesha tatizo hili limefika wapi.

Kwenu nimefanya kazi mbili. Usiku ninapiga picha za muziki ukiwa unapigwa jukwaani, uwe dansi, taarabu, singeli au bongo fleva. Mchana ni msanifu kurasa wa jarida lenu la mitindo: ninachagua picha, ninapanga vichwa vya habari na maandishi, ninaandaa faili za kupeleka kiwandani na ninasimama kwenye mashine kuangalia karatasi za majaribio. Kwa kuwa nimekaa pande zote mbili, ninajua picha inavyotoka jukwaani hadi ikafika kwenye jalada, na ninajua ni wapi njiani mwenye kazi huondolewa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mkataba unaoletwa getini

Mpiga picha hufika uwanjani mchana, wakati mafundi wanapima sauti, ili ajue taa zimefungwa wapi na msanii ataingilia upande gani. Kwa saa zote hizo hakuna anayemtajia mkataba. Jioni, watu wakiwa wameanza kuingia na bendi ya kwanza ikijiandaa, ndipo kijana wa getini anapomletea karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, inayosema kwamba picha zote atakazopiga usiku ule ni mali ya kampuni, duniani kote, milele, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye. Asiposaini hapewi mkanda wa mkononi, na bila mkanda haingii mbele ya jukwaa. Anasaini akiwa amesimama, kamera mbili zikiwa zimemning'inia shingoni, na nakala hapewi.

Matokeo yake niliyaona kwenye bango la barabarani. Picha niliyompiga mpiga gitaa wa bendi moja katika tamasha lenu ilikuwa inatangaza huduma za kampuni ya simu, na ilikuwa imegeuzwa kushoto kulia ili maandishi ya tangazo yapate nafasi. Mtu yule anapiga gitaa kwa mkono wa kulia, na kila anayemfahamu anajua hivyo. Pale alikuwa amefanywa wa mkono wa kushoto, na vifungo vya shati lake vimehamia upande wa pili. Mimi sikuulizwa, na yeye aliponipigia simu kwa hasira akaniambia kwamba naye hakuulizwa. Malipo niliyopewa usiku ule yalikuwa ya kurekodi tamasha kwa ajili ya kurasa zenu za mitandaoni, na hata ujumbe wenu wa kuniita kazini ulisema hivyo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda picha kama inavyozilinda nyimbo na maandishi, na ulinzi huo huanza pale kazi inapoundwa, pasipo kulazimika kuisajili kwanza. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za sanaa na maandishi, tangu 1994. Sipingi kwamba haki za kiuchumi zinaweza kuuzwa au kukodishwa, kwani hiyo ndiyo riziki yetu. Ninachopinga ni kuzichukua zote kwa karatasi ya getini, kwa bei ya usiku mmoja, kutoka kwa mtu asiye na muda wa kuisoma wala nafasi ya kuijadili.

Haya hayakuanza kwetu. Mwaka 2015 Taylor Swift aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba wanamuziki wasingelipwa katika miezi ya majaribio ya huduma ya muziki ya Apple, na mpiga picha wa Uingereza, Jason Sheldon, akamjibu kwa barua ya wazi pia, akionyesha kwamba mikataba ya matamasha yake Swift ilikuwa ikiwabana wapiga picha kwa namna hiyohiyo. Haikuchukua muda mrefu mkataba ule ukarekebishwa, baada ya mazungumzo na chama cha wapiga picha wa habari cha Marekani. Mwaka huohuo gazeti la Washington City Paper lilikataa kusaini mkataba wa bendi ya Foo Fighters, likatangaza kwamba litanunua picha kwa mashabiki waliohudhuria. Ninayataja haya ili msiseme kwamba masharti haya ni desturi ya dunia nzima isiyobadilika. Yamebadilishwa kwingine, tena na watu wenye biashara kubwa kuliko yetu.

2. Jina

Kila faili ninalowakabidhi lina jina langu ndani yake, katika taarifa za picha, pamoja na tarehe, mahali na jina la msanii. Watu wenu hulituma kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, taarifa zote zinafutika njiani, na picha inapofika kwa anayeiweka mtandaoni tayari haina baba wala mama. Kisha inabandikwa nembo ya kampuni pembeni. Kwenye jarida hali ni hiyo pia: ukurasa wa mwanzo unamtaja mhariri, meneja wa matangazo, mpambaji, msusi na duka lililoazima viatu, lakini msanifu kurasa hayumo, na mpiga picha huandikwa pale tu anapokuwa ametoka nje ya nchi.

Haki ya mtunzi kutambulishwa kwa kazi yake imo katika sheria ileile ya 1999, nayo ni haki tofauti na ile ya fedha. Hata mnapokuwa mmeinunua picha kihalali, jina la aliyeipiga bado mnapaswa kuliandika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona hasara ya kulipuuza. Picha za bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970 husambaa kila siku: Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, vijana wa suruali pana mbele ya vipaza sauti, safu za matarumbeta. Nyingi hazina jina la aliyezipiga, na kwa hiyo hakuna wa kumuuliza ilikuwa ukumbi gani, mwaka gani, na yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Linganisheni na Zanzibar, ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na hadi leo picha zake zinajulikana kuwa ni zake. Linganisheni pia na Kinshasa ya zama ilipoitwa Léopoldville, ambako Jean Depara alimpiga picha mwanamuziki Franco na watu wa vilabu vya usiku katika miaka ya 1950 na 1960. Mtafiti au mjukuu anayeutafuta usiku ule wa Léopoldville ana pa kuanzia, kwa kuwa analo jina. Matamasha yenu ni sehemu ya historia ya muziki wa nchi hii, mpende msipende, na mnaihifadhi bila anuani.

3. Rangi ya ngozi za watu wetu

Hili ndilo linaloniumiza kuliko mengine yote, na ninaomba Wajumbe wa Bodi walisome kwa utulivu, kwa sababu sidhani kama mliwahi kuelezwa yanayofanyika.

Kupiga picha ngozi nyeusi kwenye jukwaa la usiku ni ujuzi. Taa za siku hizi za LED, zikiwekwa bluu tupu au nyekundu tupu, hujaza rangi moja ya kamera hadi inapasuka, na uso wa mwimbaji unakuwa doa lisilo na pua wala shavu. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, inaliona giza la nyuma ya jukwaa na kuongeza mwanga mahali pasipohitaji. Kwa hiyo unapunguza mwanga kwa mkono, unapiga katika faili ghafi lisilobanwa, unasubiri ile sekunde fundi wa taa anapochanganya nyeupe kidogo, na hapo ndipo unapopata jasho kwenye paji la uso, mng'ao wa shavu na weusi wenye kina chini ya kidevu. Vifaa vyenyewe havikutengenezwa kwa ajili yetu tangu mwanzo: kwa miongo mingi maabara za filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya majaribio yenye picha ya mwanamke mzungu. Wapiga picha wa Afrika walijifunza kuushinda upungufu huo kwa macho na kwa mikono yao.

Sasa nieleze yaliyotokea jaridani. Toleo moja lilikuwa na jalada la mwanamitindo mwenye ngozi nyeusi iliyokolea, aliyevaa gauni la kitenge cha njano, tuliyempiga kwa mwanga wa asubuhi bila kuongeza taa. Niliandaa faili kwa wino nne, nikaenda kiwandani Chang'ombe kuangalia karatasi ya majaribio, na rangi ilikuwa imekaa: wino mweusi umebeba kina cha shavu, na joto la ngozi linaonekana juu yake. Fundi wa mashine, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo, aliiinua karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha akaniambia tuiache hivyohivyo. Jioni yake nikapata maelekezo kutoka ofisini kwenu kwamba mwanamitindo "ang'arishwe" kwa sababu mtangazaji wa ukurasa wa nyuma anaona jalada ni zito. Nilikataa na nikaeleza sababu kwa maandishi. Jarida likatoka likiwa limefanyiwa kazi na mtu mwingine, ambaye aliupunguzia uso wino mweusi na wa samawati, uso ukabaki na wekundu usio wake, lakini mikono akaisahau. Yule binti alikuwa mezani kwa wauza magazeti wa mji mzima akiwa na uso wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine.

Nchi hii imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu ya madhara yake kwa wanawake wanaotaka kujichubua. Jarida la mitindo linalowachubua watu kwa kompyuta linawaambia wasichana haohao kwamba marufuku ile ni ya dukani tu, na kwamba kwenye jalada ngozi yao bado haifai. Binti yule alilipwa kuvaa gauni, hakulipwa kubadilishwa. Nami niliajiriwa kupanga kurasa zinazosema kweli kuhusu watu waliomo ndani yake, na sitaisaini kazi ya namna ile.

4. Malipo

Hapa nitakuwa mfupi. Ankara zangu hukaa miezi, na kila nikiuliza ninaambiwa mdhamini hajalipa, wakati tiketi za tamasha husika ziliuzwa na kuisha. Mnapolipa, mnakata kodi ya zuio ya asilimia 5, jambo ambalo ni halali, lakini hati ya makato hayo hamnipi, na bila hati hiyo siwezi kuionyesha Mamlaka ya Mapato kwamba kodi yangu imekwisha kukatwa. Kwa maneno mengine, fedha hiyo ninadaiwa tena.

Upande wa jarida kuna jingine. Jarida la kubanwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, hivyo tangazo moja likiingia usiku wa kuamkia kiwandani, hadithi nzima ya picha inabidi ibomolewe na kurasa zipangwe upya hadi alfajiri. Kazi hiyo ya pili haijawahi kulipwa, na tangazo lililoisababisha limelipiwa.

5. Mbele ya jukwaa

Kanuni ya kupiga nyimbo tatu za mwanzo bila flashi ninaiheshimu, kwa kuwa inawalinda wasanii na watazamaji. Siku hizi mnatupa wimbo mmoja, ule wa kwanza ambao moshi ni mwingi na taa hazijatulia, kisha mnatutoa na kuwaingiza wageni wa wadhamini wenye simu, wanaosimama palepale na kuwasha flashi hadi mwisho. Tunasimama pia mita chache kutoka spika za besi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100, na kwamba watu wapewe vizibo vya masikio. Kwenu sijawahi kuona kizibo hata kimoja, si kwetu wala kwa walinzi wanaokaa pale usiku kucha, ambao wana haki ya masikio yao kuliko sisi tunaopita.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshapewa mengi yake ana kwa ana. Mtasema nililipwa. Ni kweli, nililipwa kwa matumizi tuliyokubaliana. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya chumba kimoja hajauza nyumba. Mtasema mnanitangaza na kunipa jina, lakini hoja yangu ya pili inaeleza kwamba jina lenyewe mnalifuta. Mtasema sura ni ya msanii na tamasha ni lenu, nami ninakubali kwamba msanii ana haki juu ya sura yake, ndiyo maana yule mpiga gitaa alipaswa kuulizwa kama mimi. Mtasema siku hizi kila mtu ana simu na picha zinapatikana bure. Kama zingekuwa zinatosha, kampuni ya simu ingetumia hizo kwenye bango lake, wala msingenipigia simu kila msimu wa matamasha unapokaribia.

Jibu moja ninalichukulia kwa uzito wake, nalo ni la bajeti. Ninajua ukumbi, vibali, jenereta, ulinzi na malipo ya wasanii vinakula fedha nyingi kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na ninajua bei ya karatasi ya kung'aa imepanda. Mambo mengi ninayoyaomba, hata hivyo, hayagharimu shilingi. Kuandika jina ni bure. Kutuma mkataba wiki moja kabla ni bure. Kuiacha ngozi ya mtu ilivyo ni nafuu kuliko kumlipa mtu aibadilishe.

Ninaomba basi mkataba utumwe mapema, kwa Kiswahili, ukitaja picha zitatumika wapi na kwa muda gani, na kwamba matumizi ya matangazo ya mtu wa tatu, pamoja na kuzilisha picha zetu kwenye programu za akili mnemba, yawe na makubaliano na malipo yake peke yake. Ninaomba jina la mpiga picha liwe chini ya kila picha na jina la msanifu kurasa liwe kwenye ukurasa wa mwanzo wa jarida, na faili zitumwe kwa njia isiyofuta taarifa zake. Ninaomba bodi ipitishe kwa maandishi kwamba rangi ya ngozi ya mtu haitabadilishwa katika jarida lenu, na kwamba mwanamitindo wa jalada lile aombwe radhi, kwa jina lake, katika toleo lijalo. Ankara zilipwe ndani ya siku 30 zikiambatana na hati ya kodi ya zuio. Nyimbo tatu zirudishwe, na vizibo vya masikio viwekwe getini kwa kila anayefanya kazi mbele ya jukwaa. Kuhusu bango la kampuni ya simu, ninaomba liondolewe au tukae tukubaliane malipo, mimi na mpiga gitaa pamoja.

Nipo tayari kuja mbele ya bodi siku yoyote mtakayoipanga, nikiwa na faili ghafi, karatasi ya majaribio kutoka kiwandani na nakala za barua pepe nilizowaandikia. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu tarehe ya barua hii kutolewa, nitawasilisha malalamiko rasmi Ofisi ya Hakimiliki, na hadi hapo sitapokea kazi yoyote ya msimu ujao wa matamasha wala ya toleo lijalo la jarida.

Wenu katika kazi,

Mpiga picha wa muziki na msanifu kurasa,
Dar es Salaam.

Nakala: Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA)